Nani Aliuweka Uzio?

*Maswali ya wasomaji kuhusu maonyesho ya watu*

Toleo lililopita tuligusia, kwa mistari michache tu, kwamba mwaka 1896 Waswahili na Wamasai kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani walikuwa miongoni mwa watu waliopangwa katika bustani ya Treptow, Berlin, ili watazamwe kwa kiingilio. Barua zikaanza kuingia, nyingi kuliko tulivyozoea. Tumejibu saba. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na barua ndefu tumezifupisha.

Wahariri, habari za kazi. Mnaposema watu "walionyeshwa", walifungiwa kwenye vizimba kama simba? Biashara yenyewe iliendeshwaje? (Msomaji, Tanga)

Njema, ndugu yetu. Kizimba kilitumika mara chache. Uzio ulitosha, na uzio huo ndio tunaowaomba wasomaji wautazame kuliko kitu kingine chochote katika habari hii: nani aliujenga, nani alisimama nje yake, nani alishika ufunguo wa lango, na pesa ya tiketi iliingia mfuko gani. Picha za zamani zilipigwa ili jicho liende kwa aliye ndani. Sisi tunataka jicho lirudi nje.

Maonyesho haya yaligeuka biashara kubwa katikati ya miaka ya 1870, mjini Hamburg, kwa Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyamapori. Alileta Wasami wa kaskazini ya Ulaya pamoja na kulungu wao wa theluji, akaona umati unajaa langoni kuwatazama wachungaji zaidi ya mifugo. Akaendelea na Wanubi wa Sudan, Wainuiti wa Kanada na wengineo, na wafanyabiashara wa miji mingine wakamwiga.

Kila mahali mtambo ulikuwa na sehemu zilezile. Dalali alitangulia kutafuta kundi lenye wanaume, wanawake na watoto, maana familia ilivuta watazamaji. Mafundi wakajenga kijiji cha maigizo ndani ya bustani ya wanyama au uwanja wa maonyesho, chenye vibanda, mitumbwi na jiko la nje. Ikafuata ratiba: saa ya ngoma, saa ya kupika, saa ya "vita" vya kuigiza. Mlangoni kukawa na meza ya vijitabu na postikadi. Mwisho alikuja msomi na kipimio chake chenye umbo la koleo, akapima vichwa, pua na vimo, akaandika daftarini. Muuza tiketi na msomi walihitajiana: mmoja alileta miili, mwenzake akaipa biashara heshima ya elimu.

Pale Treptow waliletwa watu 106 kutoka Togo, Kameruni, Namibia ya leo, Afrika Mashariki na Guinea Mpya, wakakaa hapo tangu Mei hadi Oktoba 1896. Mpimaji wao alikuwa Felix von Luschan. Likumbukeni jina hilo, litarudi chini.

Kilichoharibika karibu kila mahali ni afya, na sababu zake zinajulikana. Watu walivalishwa nguo nyepesi ili waonekane "wa asili" katika baridi ambayo mtazamaji mwenyewe aliikabili kwa koti. Walilazwa wengi katika jengo moja. Walikutana na ndui, surua na magonjwa ya mapafu bila kinga. Mwaka uliofuata, 1897, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, aliagiza Wakongo 267 waletwe Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Mchana walikuwa katika vijiji vya maigizo kando ya mabwawa; usiku walilala katika mabanda ya farasi wa mfalme. Majira yale ya joto yalikuwa ya mvua na baridi. Watazamaji waliwarushia vyakula hadi wakaugua matumbo, kikawekwa kibao cha kusema kwamba watu weusi hulishwa na kamati ya maandalizi. Kikisomwa leo, kibao hicho ni kilekile kinachowekwa kwenye banda la nyani.

Saba hawakurudi: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Mzee mmoja kijiweni kwetu anabisha kwamba wale watu walilipwa na walitia saini. Kama walikubali, lawama ya nini? (Msomaji, Mombasa)

Mwambieni mzee, kwa heshima zote, kwamba ana hoja lakini ameishia njiani. Ni kweli wengine walikuwa na mikataba na wengine walipata ujira. Wengine hawakuwa na lolote kati ya hayo. Kwa hiyo tusiseme wote walikamatwa kwa kamba. Tuupime mkataba wenyewe kwa maswali manne. Uliandikwa kwa lugha gani? Mtu aliweza kuondoka katikati, na nauli nani angetoa? Nani aliamua avae nini na asimame wapi? Akiugua, nani alibeba dhamana?

Chukueni mfano wa Abraham Ulrikab, Muinuiti Mkristo wa Labrador, aliyejua kusoma na kuandika na kupiga fidla. Mwaka 1880 alikubali kwenda Ulaya na mkewe na watoto wao, pamoja na familia nyingine. Jumla yao watu 8. Alikuwa na deni la kulipa. Aliandika kumbukumbu zake kwa lugha yake mwenyewe, na ndani yake mtu anajutia safari. Waliowaleta hawakuwachanja ndui. Kufikia Januari 1881 wote wanane walikuwa wamekufa, watatu Ujerumani na watano Paris. Saini ilikuwepo. Chanjo haikuwepo.

Tena wapo walioingia ndani ya uzio na ajenda zao. Friedrich Maharero, mtoto wa kiongozi wa Waherero wa Namibia ya leo, alikwenda Berlin mwaka 1896 akitaka siasa za kwao zisikike kwa Kaisari, na kundi lake lilikataa kuvuliwa suti ili livalishwe ngozi. Kwelle Ndumbe wa Kameruni alinunua darubini ndogo ya ukumbi wa michezo, akawa anawatazama waliokuja kumtazama. Miaka 8 baada ya maonyesho yale Ujerumani ilianza kuwaangamiza Waherero.

Na jambo moja la kumalizia na mzee: mwaka 1901 serikali ya Ujerumani yenyewe ilipiga marufuku kuwatoa watu katika makoloni yake kwa ajili ya maonyesho. Hofu kubwa ilikuwa kwamba wakirudi, baada ya kumwona Mjerumani kwao, akiwa maskini, mlevi, akifagia barabara, hawatamwogopa tena.

Mimi ni mwalimu wa Historia, kidato cha tatu. Nataka kufundisha habari hii lakini nahofia nikitoa zile picha darasani wanafunzi watacheka, na nitakuwa nimewaonyesha watu wale mara ya pili. Nifanyeje? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu wetu, hofu yako ndiyo mahali pa kuanzia. Tunakupa somo la vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, linalohitaji picha moja, karatasi ya manila, makopo mawili, kilo moja ya mtama, rula na kijiko cha chakula.

Kuchagua picha ni nusu ya kazi. Acha kabisa picha za watu waliovuliwa nguo na zile za kupimwa kutoka mbele na ubavuni. Hazina somo ambalo maneno hayawezi kulitoa. Tafuta picha pana inayoonyesha uzio, watazamaji na kijiji kwa pamoja. Ichape kubwa, angalau ukubwa wa A3, kisha kata kipande cha manila kinachofunika sehemu walipo watu walioonyeshwa, ukibandike kwa gundi nyepesi.

Dakika 15 za mwanzo darasa linaona kingo tu. Waulize: hawa wamevaa nini? Wamesimama wapi? Kile kibao kimewekwa cha nini? Nani kambeba mtoto begani aone vizuri? Andika majibu yao ubaoni. Wakishamaliza kingo wanajua tayari kwamba hili ni tukio lililoandaliwa na watu wenye mbao, misumari na daftari la hesabu. Hapo funua. Utaona kicheko kimepungua sana, na kikija, usikaripie, uliza kwa utulivu, "Nani katika picha hii anacheka pamoja nasi?" Kisha nyamaza. Ukimya huo ufanye kazi yake.

Kosa linaloharibu somo hili mara nyingi ni maigizo. Usiwape wanafunzi nafasi ya "watazamaji" na "watazamwaji". Yule atakayewekwa ndani ya uzio atabaki na jina la utani hadi kidato cha nne, na mara nyingi ataangukiwa mwenye ngozi nyeusi zaidi, mfupi zaidi, mwenye ualbino, au mtoto wa kabila dogo.

Dakika 25 zinazofuata ni za maandishi. Andika ubaoni tafsiri ya kibao kilichowekwa Septemba 1906 katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, nje ya nyumba ya nyani: "Mbilikimo wa Afrika, Ota Benga. Umri, miaka 23. Kimo, futi 4 inchi 11. Uzito, ratili 103. Ameletwa kutoka Mto Kasai, Dola Huru ya Kongo, kusini ya Afrika ya Kati, na Dakta Samuel P. Verner. Huonyeshwa kila alasiri mwezi wa Septemba." Waambie wabadilishe vipimo: ni kama sentimita 150 na kilo 47. Kisha wapigie mstari kila neno ambalo lingeweza kuandikwa juu ya mbuzi mnadani. Umri, kimo, uzito, alikotoka, aliyemleta. Halafu waandike pembeni yasiyokuwepo: mama yake, lugha yake, kazi aliyoijua, alichotaka. Kibao kina cheo cha Verner, "Dakta", lakini Ota Benga hana hata "Bwana".

Wasimulie kilichofuata. Mkurugenzi wa bustani, William Hornaday, alimweka pamoja na orangutani aitwaye Dohong. Wachungaji weusi wa makanisa ya New York walipinga. Mmoja wao, James H. Gordon, aliyesimamia nyumba ya yatima ya watoto weusi kule Brooklyn, alisema, kwa tafsiri yetu, "Tunadhani tunastahili kuhesabiwa kuwa binadamu wenye roho." Ota Benga akatolewa, akakaa kwa yatima wale, baadaye akapelekwa Lynchburg, Virginia, akafanya kazi ya tumbaku. Tarehe 20 Machi 1916 alijiua. Liseme hilo wazi kwa sentensi moja, bila maelezo ya namna alivyofanya. Taasisi inayoendesha bustani ile iliomba radhi mwaka 2020. Waache wanafunzi wahesabu wenyewe ni miaka mingapi.

Sasa makopo. Mnamo miaka ya 1830 Samuel Morton wa Philadelphia alikusanya mafuvu, akajaza mbegu ndogo ndani yake ili kupima ukubwa wa ubongo na kuzipanga "jamii" za watu juu na chini. Mwanafunzi wa kwanza ajaze kopo kwa mtama taratibu, asawazishe kwa rula, amwage na kuhesabu vijiko. Wa pili achukue kopo la ukubwa uleule, agongegonge na kubonyeza kwa kidole gumba, kisha ahesabu. Ni kopo moja, mtama mmoja, na idadi mbili tofauti. Morton mwenyewe aliona mbegu zinamkosesha hesabu iliyotulia, akahamia kwenye gololi ndogo za madini ya risasi. Lakini eleza kuwa hata kipimo kikiwa sahihi hoja inabaki mbovu, na sababu ni tatu. Ukubwa wa fuvu hufuata ukubwa wa mwili. Mafuvu yalikusanywa popote yalipopatikana, bila uwiano. Na ukubwa wa kichwa hausemi mtu ana akili kiasi gani. Ongeza kwamba Franz Boas, kule New York, alipima wahamiaji na watoto wao, karibu watu 18,000, akaonyesha mwaka 1912 kwamba umbo la kichwa, lile lililodhaniwa halibadiliki kizazi hata kizazi, hutofautiana kati ya mzazi na mtoto aliyezaliwa ugenini. Usipime vichwa vya wanafunzi wako, hata kwa utani.

Dakika zitakazobaki waandike kibao kipya cha Ota Benga, maneno yasiyozidi 40. Kibandikeni ukutani, na kile cha zamani kifuteni.

Je, neno "mbilikimo" ni tusi? Tumelitumia tangu utoto. (Msomaji, Kampala)

Ni neno linalomtaja mtu kwa urefu wake, nalo limekaa mno katika vichekesho kuweza kusafishwa. Semeni Wambuti, Watwa, Baka, kulingana na watu mnaowazungumzia. Kama hamjui, ulizeni. Katika kibao cha 1906 tumeliacha makusudi kwa sababu kibao chenyewe kilikuwa cha kudhalilisha.

Tena tusijitoe. Kiswahili chetu kilikuwa na ngazi zake za waungwana na washenzi kabla Mjerumani hajafika, naye alipofika alilichukua neno "mshenzi" hivihivi, akaliandika "Schensi", akalitumia kwetu sote, waungwana wakiwemo. Na mwaka 2007, mjini Brazzaville, wanamuziki wa jamii za msituni walioalikwa kwenye tamasha la muziki wa Afrika walipewa hema ndani ya bustani ya wanyama, huku wasanii wengine wakilala hotelini. Waandaaji walisema mazingira yale yanafanana na msitu wao. Walikuwamo kina mama na mtoto mchanga. Waliousimamisha uzio ule walikuwa Waafrika.

Shikamooni. Bibi yetu alisimulia kuwa mjomba wake alichukuliwa na Wajerumani "kwenda kucheza ngoma Ulaya", hakurudi. Tunaweza kumtafuta? (Wajukuu, Moshi)

Marahaba, wanetu. Mnaweza, ila anzeni nyumbani, si kwenye intaneti. Kaeni na wazee mmoja mmoja, maana wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa huwafunika wengine. Andikeni jina lake na la baba yake, ukoo, mtaa, dhehebu kama alibatizwa, na jina jipya la ubatizo, ambalo mara nyingi ndilo lililoandikwa. Mwaka utafuteni kwa matukio: kabla au baada ya Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, kunyongwa, Machi 1900? Kabla au baada ya Majimaji, 1905 hadi 1907? Alikuwa na rika gani?

Mwaka ukishapatikana, fikirini upya neno "ngoma". Kama aliondoka baada ya 1901, ile marufuku tuliyoitaja ilikuwapo, na huenda alikwenda kwa njia nyingine: baharia, boi wa afisa, mwanafunzi wa misheni, askari, au mwalimu wa lugha. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900. Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari angali mtoto, alihamia Berlin mwaka 1929, akaigiza katika filamu na kufundisha Kiswahili, akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mkitafuta katika maonyesho peke yake mtampita mtu wenu.

Kwenye hati, kinachowakwamisha wengi ni tahajia. J yetu Wajerumani waliiandika *dsch*, ch wakaandika *tsch*, sh wakaandika *sch*, y wakaandika *j*, na z mara nyingi *s*. Kwa hiyo Wanyamwezi wanakuwa *Wanjamwesi*, Wamasai wanakuwa *Massai*, na Wachaga, nje ya kanuni hiyo, wanakuwa *Wadschagga*. Andikeni kila namna jina la mjomba linavyoweza kutokea, nane au kumi hivi, kabla hamjafungua faili lolote. Kikwazo cha pili ni mwandiko: karani wa wakati ule aliandika kwa herufi ambazo Mjerumani wa leo naye hazisomi bila kujifunza. Pigeni picha ukurasa mzima wenye mwanga mzuri na namba ya faili ionekane, kisha tafuteni mtu aliyefunzwa kuzisoma. Msikate kipande chenye jina tu. Tarehe na mhuri wa juu ndivyo vitakavyowaambia hati ni ya nini.

Mahali pa kutafuta ni pengi, lakini matatu yanatosha kuanzia. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Kijerumani. Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, Berlin, zina majalada ya ofisi ya makoloni chini ya alama R 1001, na mengi yake yanasomeka mtandaoni bila malipo. Kwa upande wa Kilimanjaro kuna Misheni ya Leipzig, iliyoingia Uchagani mwaka 1893 na kuweka kumbukumbu nzuri za ubatizo. Kama mwaka ni 1896 hasa, andikieni jumba la makumbusho la Treptow, ambalo tangu 2017 lina maonyesho ya kudumu kuhusu wale 106, yaliyojengwa juu ya habari za maisha yao.

Kuna uwezekano ambao ni mzito kuusema. Yule von Luschan tuliyewataka mlikumbuke jina lake alikusanya pia mafuvu kutoka makoloni, kwa maelfu. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho za Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania na 22 na Kenya. Kati ya mafuvu 8 yaliyokuwa na maandishi ya kutosha kujaribu vinasaba (DNA), moja lililingana na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, kule kwenu, na mengine mawili yakawa na ndugu wa karibu kuthibitika. Kwa hiyo kipimo cha vinasaba kinafaa tu pale ambapo fuvu tayari lina jina au mahali. Msimlipe mtu anayewaahidi "kumtafuta babu kwa mate" bila hati mkononi. Na kabla ya kutoa sampuli, ukoo ukae uamue: nani atatoa, nani atatunza majibu, na mabaki yakipatikana yatazikwa wapi na kwa ibada ipi. Familia nyingi hugawanyika hapa, baada ya furaha ya kwanza.

Kurudisha huchukua muda. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 na bado lilifika Kalenga mwaka 1954. Mabaki ya Sarah Baartman, Mkhoikhoi aliyeonyeshwa London na Paris na kufa mwaka 1815, yalirudi Afrika Kusini mwaka 2002, baada ya bunge la Ufaransa kutunga sheria. Anzeni sasa, wazee wakingali hai.

Natembeza watalii kwenye boma za utamaduni za Wamasai. Mzungu mmoja aliniambia kazi yangu ni kuendesha bustani ya watu. Niliumia. Ni kweli? (Mtembeza watalii, Karatu)

Si lazima iwe kweli, ndugu, na aliyekuambia hivyo alipaswa kwanza kuuliza lango ni la nani. Kwenda kwa watu, kula nao, kununua ushanga wao si kosa. Kosa huingia kupitia mambo ambayo unaweza kuyakagua wiki hii.

Kagua saa. Kama gari lako ndilo linaloamua ngoma ianze, hata kukiwa na msiba bomani, hapo pana uzio. Wenyeji wawe na siku za kufunga, na wewe uwe na uwezo wa kumwambia mgeni, "Leo hapana." Kagua pesa: kiingilio kiandikwe ukutani, kitolewe risiti, na mgawo wa boma na wa mtembezaji ujulikane kwa kila mtu mzima wa boma, kina mama wakiwemo, kwa sababu wao ndio wanaoimba na mara nyingi ndio wasioona hesabu. Kagua kamera. Ruhusa iombwe kwa kila mtu, na kwa mtoto aulizwe mzazi. Kundi likizidi watu 12 au 15 jambo hili halisimamiki, basi ligawe. Kagua watoto: wakionekana bomani saa za shule kwa ajili ya wageni, simamisha.

Na kagua uongo. Usimwambie mgeni kwamba watu hawa "wanaishi kama miaka elfu iliyopita" huku mwenyeji wako ana simu shukani na binti yake anasoma Arusha. Mafundi wa Berlin walikuwa wakiuza sentensi hiyohiyo. Mwache mwenyeji aeleze mwenyewe kesi ya malisho, bei ya ng'ombe, na kwa nini vijana wanaondoka. Tenga dakika 20 ambazo mwenyeji ndiye anayemhoji mgeni: analipwa kiasi gani, wazazi wake wanaishi na nani, ardhi yao ilikwenda wapi. Wageni wengi husema baadaye kuwa hicho ndicho walichokikumbuka.

Jambo sana. Mimi ni mama wa Bukavu, tuko Brussels na watoto, wa miaka 9 na 13. Nataka wajue habari za wale saba wa Tervuren bila kuwajaza hasira tu. Tuanzie wapi? (Mama, Brussels)

Jambo mama. Pandeni tramu namba 44 kutoka Montgomery hadi kituo cha mwisho. Msianze na jumba la makumbusho ya Afrika lililoko huko. Anzeni na kanisa la mjini Tervuren, kwa sababu jumba ni kubwa na watoto watafika makaburini wamechoka. Makaburi yako nje, kando ya ukuta wa kanisa, mawe saba yaliyolala. Kwanza watu hao walizikwa mahali pasipobarikiwa. Walihamishwa hapo miaka ya 1950. Nendeni na majina yameandikwa kwenye karatasi, kila mtoto asome kwa sauti, maana watoto wanaozaliwa ugenini hupenda kusikia kwamba Kitukwa na Mibange ni majina ya kutamkwa kama yao. Maua yanaruhusiwa.

Huyo wa miaka 13 anaweza kuambiwa pia habari za 1958. Katika maonyesho makubwa ya Brussels, kwenye uwanja ulio na Atomium hadi leo, kilijengwa tena kijiji cha Wakongo. Watazamaji waliwarushia ndizi na pesa. Wale mafundi na familia zao walikasirika, wakaondoka maonyesho yakiwa bado yanaendelea. Miaka miwili baadaye Kongo ikawa huru. Mtoto wa miaka 9 atoshelezwe na majina na ile baridi.

Kisha ingieni jumbani. Kuna ukumbi wenye ukuta ulioandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo wakati wa Leopold. Wakongo hawakuandikwa hapo hata mmoja. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa hakuufuta ukuta ule. Aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili, ili mwanga ukipita yaangukie kama vivuli juu ya majina ya Wabelgiji, na yatembee kadiri jua linavyosogea. Kwa hiyo tazameni kwanza utabiri wa hali ya hewa. Siku ya mawingu watoto wataona vioo tu.